Karakana ya Riwaya: Mzee anayejua yote

Barua za toleo hili zimetoka Goma, Bukavu na Lubumbashi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: fundi na mwanagenzi wake ndani ya riwaya ya sayansi yenye safari na hatari. Tumezifupisha bila kugusa swali. Pale ambapo sisi wa dawati hatukukubaliana, tumeacha mabishano yaonekane.

Riwaya yangu inatokea Goma mwaka 2094, juu ya mtambo wa gesi katikati ya Ziwa Kivu. Mzee anamfundisha kazi msichana wa miaka 17, Furaha. Waliosoma sura nne za kwanza wanasema ni kama kitabu cha kemia. Nifanyeje ili sayansi ibaki bila kuwachosha? Naambatanisha ukurasa mmoja. (Msomaji wa Himbi, Goma)

Elimu yote umeiweka mdomoni mwa mzee. Ihamishie kwenye kitu ambacho Furaha anaweza kukiharibu kwa mkono wake mwenyewe.

Kabla ya hapo, mtambo uwe umekaa sawa kichwani mwako. Kivu, penye kina kirefu kabisa, inafika mita 485 hivi. Maji ya chini yamebeba gesi iliyoyeyuka: kama kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za metani, ukizihesabu kwa ujazo ambao zingekuwa nao zikitolewa hewani. Maji hayo yana joto kuliko ya juu, lakini kwa chumvi na kaboni dioksidi yaliyobeba ni mazito zaidi, kwa hiyo yanalala chini bila kuchanganyika. Mtambo wa KivuWatt, upande wa Rwanda karibu na Kibuye, unaotoa megawati 26 tangu 2016, unaweza kukupa mfano wa kuanzia. Bomba linashuka hadi mita 350 hivi, ambako presha ni karibu mara 35 ya hewa ya usawa wa bahari. Pampu inaanza kuvuta. Kadiri maji yanavyopanda presha inapungua, na gesi inatoka kama kwenye chupa ya soda iliyofunguliwa. Maji yenye povu ni mepesi kuliko maji yaliyo nje ya bomba, basi yale ya nje yanayasukuma juu, na kuanzia hapo pampu inaweza kupumzika. Mita chache chini ya uso wa ziwa kuna tangi la kutenganisha gesi na maji. Gesi ya humo bado ina kaboni dioksidi nyingi, kwa hiyo inaoshwa kwa maji: kaboni dioksidi inayeyuka upesi, metani inapita. Maji yaliyokamuliwa hurudishwa kilindini. Hayamwagwi juu.

Sasa tafuta mahali pa kukosea. Kuna kosa dogo la kufaa sura ya pili: pampu kuzimwa kabla povu halijajaa bombani. Maji yanatulia, mtiririko unakufa, kazi inaanza upya, na hakuna aliyeumia ila usingizi wa watu wawili. Kosa la ukubwa wa kati ni kuyaacha maji yaliyokamuliwa yamwagike juu. Yana hidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya mayai viza, na asubuhi wavuvi wa sambaza wanakuta samaki wameelea. Sisi tunalipenda hili kuliko yote kwa sababu lina majirani. Mzee atasimama mbele ya watu wenye nyavu tupu, na hapo ataamua kama anamtaja Furaha au anajitaja mwenyewe. Kurasa mbili za namna hiyo zitakueleza uhusiano wao kuliko sura nzima ya mawaidha.

Kosa la tatu lihifadhi hadi karibu na kilele. Hidrojeni salfaidi ikiwa kidogo inanuka sana. Ikikaribia sehemu 100 katika milioni ya hewa, inaua uwezo wa kunusa. Msichana aliyefundishwa “ukisikia harufu, toka” atadhani gesi imekwisha, kumbe kilichokwisha ni pua yake.

Turudi kwenye ukurasa wako. Mzee anasema: “Kama unavyojua, Furaha, maji ya kilindini yana gesi iliyoyeyuka, nayo yakipanda hupungukiwa presha...” Kama anajua, anaambiwa ya nini? Jaribu hivi:

“Nani amekuambia uzime?”
“Maji yanapanda, Mzee.”
“Weka mkono kwenye bomba.”
Furaha akaweka.
“Linatetemeka?”
“Hapana.”
“Basi povu bado. Washa. Na leo hulali, utaandika presha kila dakika kumi mpaka asubuhi.”

Msomaji ameelewa kwamba povu ndilo linalovuta maji, kwamba mtetemo ndio dalili yake, na kwamba mzee huyu hapigi kelele akikasirika. Ufafanuzi ukihitajika, utoe baada ya hasara na usizidishe sentensi mbili. Unaobaki upeleke sura nyingine.

Halafu usimfanye mzee afundishe kwa mpangilio wa kitabu cha shule. Tazama gereji yoyote ya Birere, hapa Goma: mwanagenzi anaanza kwa kuosha vyuma na kupitisha funguo, namba 13, namba 17. Baadaye anaruhusiwa kufungua. Baada ya muda mrefu zaidi anaruhusiwa kufunga, kwa sababu anayefungua vibaya anapoteza saa lakini anayefunga vibaya anapoteza injini. Mwisho kabisa anaruhusiwa kuamua. Pembeni mwa kila sura andika: leo Furaha anaweza kugusa nini bila kuuliza? Jibu likiwa lile lile kwa sura tatu mfululizo, uhusiano wao umesimama, hata kama mtambo unalipuka.

Mzee wangu alikuwa mhandisi wa vituo vya anga. Kila hatari ikitokea anajua la kufanya, na mwanagenzi wake Amani anabaki kushangaa. Nikimnyang’anya mzee elimu anakuwa mjinga. Nifanye nini? (Msomaji wa Ndosho, Goma)

Usimnyang’anye kitu. Mwekee mpaka. Ujuzi wa mtu una mahali ulikopatikana, na huko ni sahihi. Hatari ya riwaya yako ianzie pale mahali hapo panapokwisha.

Mfano uko mlangoni pako. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu, na inajikusanya mabondeni, hasa alfajiri ambapo upepo haujaamka. Ikifika asilimia 3 ya hewa, pumzi inaanza kwenda mbio. Ikifika 10 mtu anapoteza fahamu kwa dakika chache, na ikizidi hapo hapati hata nafasi ya kugeuka. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa na kichwa juu ya gesi na miguu ndani yake. Akiinama kufunga kamba ya kiatu, ameingia. Ndiyo sababu watoto na mbuzi hutangulia. Mzee aliyekulia Goma atakuwa na kanuni mbili zilizoingia damuni: usiiname shimoni alfajiri, na mwenzako akianguka usimfuate bila kifaa cha kupumulia, maana utakuwa maiti ya pili.

Mpandishe mzee huyo kwenye kituo kinachozunguka Dunia. Kule hakuna chini. Hewa nzito haishuki, ya joto haipandi, na pumzi unayotoa inabaki mbele ya uso wako isipopeperushwa na feni. Kwa hiyo vyumba vya kulala vya vituo vya anga lazima vipitishiwe hewa usiku kucha. Basi feni ya upande wa mzee imekufa. Anaamka kichwa kinamuuma, anatambua ni kaboni dioksidi, na anafanya alichofundishwa na Goma: anajivuta upande anaouita juu, kwenye kona iliyofungwa zaidi. Amekosea, na aliyemkosesha ni ujuzi wake mwenyewe. Hakuna msomaji atakayemwita mjinga.

Amani yeye ameona kitu kingine. Kwenye kituo chenye hewa inayotembea, vitu vidogo vilivyopotea huishia kunasa kwenye wavu unaofyonza hewa. Skrubu iliyomponyoka jana haijafika wavuni. Inaelea palepale ilipoachwa. Hewa haitembei. Anamshika mzee mshipi na kumvuta hadi kwenye chumba ambacho feni yake inasikika.

Kwa nini ni Amani? Si kwa sababu ana kipaji cha kuzaliwa, tafadhali. Ni kwa sababu katika sura ya tatu mzee mwenyewe alimwambia, kwa kupita tu, kwamba mazuku hushuka kwa kuwa ni nzito. Mzee amebaki na kanuni, kijana amebaki na sababu yake. Panda mbegu hiyo mapema. Katikati ya kitabu onyesha kanuni ikifanya kazi na kuokoa mtu, hapa hapa duniani. Mwishoni ndipo ishindwe. Ukiruka ile hatua ya katikati msomaji atahisi umemchezea.

Usidhani jambo hili ni la kwenye karatasi tu. Januari 17, 2002, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, mitetemeko ilikuwa imetangulia. Jioni ya Mei 22, 2021 lava ilishuka bila onyo la wazi la mapema, na mitetemeko mikubwa ikaja baadaye, siku baada ya siku, hadi watu wakahamishwa kutoka mjini. Aliyejifunza 2002 kwamba mlima hutoa taarifa kwanza alikuwa na ujuzi wa kweli, tena alioulipia.

Juu ya ile skrubu hatukukubaliana. Mmoja wetu anaona ni ujanja uliozidi. Waliobaki tunaikubali kwa sharti kwamba ipotee sura mbili kabla, na ipotee kwa sababu nyingine kabisa, kwa mfano Amani akigombezwa kwa uzembe.

Riwaya yangu ina sura 24. Nimuue mzee sura ya ngapi? (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

Uliza kwanza kama ni lazima afe. Waandishi wengi wanamuua fundi kwa sababu hawakuona njia nyingine ya kumwacha mwanagenzi peke yake, na njia zipo: mguu umevunjika, mawasiliano yamekatika, amefungwa. Kuna moja ambayo haitumiki vya kutosha. Mzee yuko hai na ana nguvu, lakini siku ya hatari anao wanagenzi wawili mahali pawili, na anakwenda kwa yule mwingine. Mwanagenzi wako akipona, atakuwa na jambo la kumuuliza kwa muda wote uliobaki wa kitabu.

Ukiwa umeamua afe, tunashauri kati ya sura ya 9 na ya 17. Kabla ya hapo msomaji hajapata cha kumlilia. Baada ya hapo mwanagenzi hana nafasi ya kufanya kazi akiwa peke yake, kukosea na kurekebisha. Afe kazi ikiwa nusu: chombo kimefunguliwa, vyuma viko mezani, na utaratibu wa kuvirudisha alikuwa nao yeye. Epuka kauli ya mwisho iliyonyooka. Mtu anayekosa pumzi hasemi mafumbo.

Kama ulisoma jibu lililotangulia, ile kanuni ya kutomfuata aliyeanguka inakupa kifo kikali kuliko mlipuko wowote. Mzee ameanguka bondeni, mita sita kutoka mwanagenzi alipo, na mwanagenzi anamtii kwa kusimama. Andika dakika tatu hizo polepole: anatafuta kamba, anaita, anahesabu, anasogea hatua moja na kurudi. Halafu usiruke kilio. Watu watakuja, mjane atakaa, na swali litazuka bila mtu kulisema kwa sauti: vyombo vya kazi vinakwenda kwa mtoto wa damu ambaye hajui kuvitumia, au kwa yule aliyevitumia miaka minne na akasimama akimtazama mzee anakufa? Hapo una sura tatu bila kuongeza adui mpya.

Fundi wangu mama yuko Lubumbashi, mwanagenzi yuko Mirihi. Mazungumzo yao ninayaandika kama simu ya kawaida. Rafiki ananiambia haiwezekani. Ni kweli? (Msomaji wa Kenya, Lubumbashi)

Ni kweli, na ni bahati yako. Mawimbi ya redio yanakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Umbali kati ya Dunia na Mirihi unabadilika kutoka kama kilomita milioni 55 hadi milioni 400, kwa hiyo neno linachukua dakika 3 hadi 22 kufika, na jibu linachukua muda huo huo kurudi. Chagua umbali wa kila sura, gawa kwa 300,000, utapata sekunde. Kilomita milioni 216 ni dakika 12 kwenda, 24 kwenda na kurudi. Iandike namba hiyo juu ya ukurasa kabla ya kuanza mazungumzo yoyote.

Kwa dakika 24 hakuna “eh?”, hakuna kukatizana. Mama anayejua kazi atabadili namna ya kusema. Hatauliza swali moja, atatuma maagizo yenye matawi: “Taa ikiwa nyekundu fanya hivi, ikiwa ya kijani fanya vile, isipowaka kabisa usiguse kitu, subiri neno langu.” Atarudia namba mara mbili. Atataja ujumbe anaoujibu, kwa sababu ujumbe wa pili wa kijana unaweza kuwa njiani bado. Na hatari yenyewe inabadilika sura: kijana anauliza kama afungue vali, anangoja, dakika ya 15 presha inaanza kupanda, anaamua mwenyewe, na dakika ya 24 inafika sauti ya mama ikimwambia afanye jambo ambalo limekwisha kupitwa. Andika jibu hilo kwa ukamilifu. Mama anaongea na kijana wa dakika 24 zilizopita, tena kwa upole, na kijana analisikiliza mikono ikiwa imeungua.

Siku ya Mirihi ina saa 24, dakika 39 na sekunde 35. Mama akitaka kufuata zamu ya mwanagenzi wake, kila siku atachelewa kulala kwa karibu dakika 40. Baada ya siku 18 hivi anafanya kazi usiku wa manane na kulala mchana, majirani wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi, wakisaga mahindi dirishani. Baada ya siku kama 36 anarudi palepale. Mume, watoto, ibada ya Jumapili, vyote vinapishana naye. Ukitaka kuonyesha kwamba anampenda mwanagenzi wake bila kuandika neno kupenda, hapo pana nafasi.

Na ukihitaji anyamaze bila kufa: kila miezi 26 hivi Jua linakaa kati ya sayari hizi mbili, na mawimbi yanayopita karibu nalo yanaharibika. Wanaoendesha vyombo vya Mirihi husimamisha kutuma amri kwa karibu wiki mbili. Tarehe inajulikana miaka mingi mbele, na hapo ndipo panapotuvutia sisi. Mama ana muda wa kumwandaa kijana. Mpe orodha ya mambo aliyomwandaa, halafu chagua ajali isiyokuwemo. Usichague ajali ya ajabu. Chagua ile ambayo mama aliiacha kwa sababu kwake ni ya kawaida mno kutajwa.

Fundi anaweza kuwa mashini? (Msomaji wa Katuba, Lubumbashi)

Anaweza, ikiwa mashini hiyo ina kitu cha kupoteza. Mashini inayojua yote na haiwezi kuharibika ni kitabu chenye sauti. Ipe hifadhi iliyojaa, ili kujifunza jipya ilazimike kufuta la zamani, na mwanagenzi ndiye anayechagua lipi lifutwe.

Wahusika wangu wanaitana kwa majina na “wewe” hata mbele za watu. Dada yangu anasema hawana adabu. Lakini ni mwaka 2150! (Msomaji wa Majengo, Goma)

Dada yako ana haki. Mwaka 2150 utabadilisha mitambo. Msomaji wako wa leo bado atasikia tusi. Mwanagenzi amwite Mzee, Papa, Mama au Fundi, na kama wamepishana miaka michache, Yaya, yaani kaka au dada mkubwa. Jina tupu la mkubwa litumike mara moja tu kitabu kizima, siku ya ugomvi, na kila aliye chumbani anyamaze. Fundi naye anaweza kumwita mwanagenzi kwa jina, au “mwanangu” akiwa ameridhika, au kwa kazi yake, “wewe wa pampu”, akiwa hajaridhika. Jambo linalosahaulika zaidi ni namna anavyomtaja mbele ya wageni. Siku fundi atakapoacha kusema “kijana wangu” na kusema “mwenzangu” mbele ya mteja, msomaji ataiona bila kuonyeshwa. Mwanagenzi asiitikie kitu. Aendelee kufunga skrubu.

Mtu anayenisaidia kuhariri anataka niweke mapenzi kati ya fundi wa miaka 50 na mwanagenzi wa 19. (Msomaji wa Bagira, Bukavu)

Hapana. Mwenye kutoa ruhusa ya kugusa vyombo ndiye anayeshika mkate wa yule mwingine, na kuanzia ukurasa huo msomaji atalitilia shaka kila somo lililotangulia. Kama kitabu kinahusu maovu hayo hasa, andika kitabu hicho, na ukiite kwa jina lake.

Mwanagenzi wangu anatengeneza redio ya chombo cha anga iliyoharibika. Nimeimaliza kwa aya mbili na haina uzito. Fundi halisi anafanya nini hasa? (Msomaji wa Ibanda, Bukavu)

Anaanza kwa kuzima umeme na kungoja, kwa sababu kapasita, kipuri kinachohifadhi umeme, hubaki na chaji. Anachora umbo la kifaa kwenye karatasi na kuweka kila skrubu juu ya mchoro, mahali ilipotoka. Wanaotengeneza simu wanajua sababu: skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu fupi inatoboa tabaka za bodi na kukata nyaya zisizoonekana. Kifaa kilichokuja na ugonjwa mmoja kinaondoka na miwili. Kwenye chombo cha anga karatasi haitatosha, skrubu zitaelea. Tumia mkanda wenye gundi, uliobandikwa kwa mpangilio ule ule.

Kisha macho kabla ya kipimo: alama ya kuungua, kutu, kapasita iliyovimba. Kisha umeme: unaingia? Unafika wapi? Unakatikia wapi? Anatoka kwenye chanzo kwenda mbele, au anagawa njia nusu kwa nusu ili kupunguza kazi. Kubadilisha kipuri kabla ya kupima ni alama ya mwanagenzi wa mwezi wa kwanza, na mzee anaweza kumwacha abadilishe vipuri vitatu vizuri bila kusema neno, alimradi kipuri cha nne ndicho cha mwisho walichonacho.

Kulehemu kunastahili ukurasa mzima. Risasi ya kulehemu ya kizamani, yenye bati na madini ya risasi, inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Isiyo na madini hayo inahitaji kama 217 au zaidi. Ncha ya chuma cha kulehemu huwekwa karibu 350, na kinachopashwa moto ni waya na bodi kwa pamoja, kisha ndipo risasi iguswe hapo. Kipuri kikitikisika wakati kiungo kinapoa, kiungo kinakuwa cha chembechembe na hakishiki vizuri. Redio itafanya kazi mezani na kukatika injini ikiwaka. Hilo ndilo kosa unalotaka, kwa sababu linajificha kwa sura mbili kabla ya kujitokeza.

Mzee atakuwa amemfundisha kwamba kiungo kizuri hung’aa. Kwa risasi ya kizamani ni sawa. Kwa ile isiyo na risasi, kiungo kizuri huweza kuwa na rangi iliyofifia, na kijana akikifuata kipimo cha mzee ataviyeyusha viungo vizima na kuvirudia hadi aiunguze bodi. Lakini usikimbilie kumfanya mzee kuwa mtu wa zamani aliyepitwa. Bati tupu huota nywele nyembamba za chuma zenyewe, polepole, na nywele moja inatosha kuunganisha nyaya mbili zisizotakiwa kugusana. Setilaiti ya Galaxy IV ya Marekani ilipopotea mwaka 1998, nywele hizo ndizo zilizolaumiwa. Risasi kidogo ndani ya bati huzizuia. Mzee anayegoma kutumia bati jipya angani ana sababu nzuri, hata kama haikumbuki tena.

Kwa hiyo waache wabishane juu ya kiungo kimoja, kila mmoja akiwa na nusu ya haki, saa ya oksijeni ikihesabu. Aya zako mbili zitafika kurasa sita bila kuongeza neno la kujaza.